Kukagua kiungio na breki za tela la kubebea mitambo lililotumika, kabla hujalipa

Matela ya kubebea trekta, kijiko kidogo na mashine za ujenzi yanayouzwa Arusha na Moshi hutoka sehemu tatu. Yapo yaliyotumika Uingereza, kama vile Ifor Williams na Indespension, yapo ya Marekani yenye mbao nene sakafuni, na yapo yaliyochomelewa hapa hapa kwa mabomba na chaneli za chuma. Kwa mbali yote yanafanana, lakini kila kundi lina kiungio chake na breki zake, na tela linalofaa nyuma ya gari la jirani laweza kuwa la hatari nyuma ya gari lako. Wanunuzi wengi huanza kwa kutazama rangi, sakafu na matairi, kisha hupatana bei. Mwongozo huu unakuomba uanze kwingine kabisa, kwenye gari litakalolivuta, na kutoka hapo uelekee nyuma hadi kwenye dramu ya gurudumu la mwisho.

Hatua ya kwanza: lijue gari litakalovuta

Fungua kitabu cha gari au tafuta kibati chake cha kiwanda, uandike mambo matatu kwenye karatasi utakayokwenda nayo kwa muuzaji: uzito ambao kiwanda kimeruhusu gari livute likiwa na tela lenye breki, uzito linaloruhusiwa kuvuta tela lisilo na breki, na volti za umeme wake. Tofauti ya namba mbili za kwanza huwashangaza wengi. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, kwa mfano, imeidhinishwa katika soko la Australia kuvuta hadi kilo 3,500 tela likiwa na breki, lakini kilo 750 tu likiwa halina. Hiyo ina maana kwamba nguvu ya injini peke yake haiamui chochote, kwa sababu kinachotakiwa ni uwezo wa kusimama.

Volti nazo zisidharauliwe. Pikapu nyingi zina umeme wa volti 12, ilhali Canter, Fuso na malori mengine ya Kijapani yana volti 24, na baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizoagizwa moja kwa moja kutoka Japani nazo ni za volti 24. Tutaona mbele kidogo kwa nini jambo hili linaweza kuziunguza breki zote za tela kwa safari moja.

Kisha piga hesabu ya mzigo. Tela lenye uzito wa jumla wa kilo 3,500, ambalo lenyewe likiwa tupu lina kilo 750, linabeba kilo 2,750 na si zaidi. Kijiko kidogo cha tani mbili na nusu kitaingia pamoja na ndoo zake mbili tatu. Kijiko cha kawaida cha aina ya JCB 3CX, chenye tani zipatazo nane, hakina nafasi hapo hata kama magurudumu yake yanaenea sakafuni, na muuzaji akikuambia kwamba wenzako wanabeba, hiyo si sababu ya wewe kubeba.

Hatua ya pili: soma kibati na kadi

Kibati cha kiwanda hukaa kwenye mkono wa tela, yaani chuma cha mbele kinachoelekea kwenye gari, au ubavuni kwa mbele. Kinaonyesha namba ya chasisi, uzito wa jumla, uzito wa kila ekseli na mara nyingi uzito unaoruhusiwa kukandamiza kiungio. Linganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye kadi ya usajili ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), maana tela nalo husajiliwa na kupewa namba yake. Kibati kikiwa kimeng'olewa, uzito wa jumla uliotajwa kwa mdomo hauna uthibitisho. Hapo ulichukulie tela kwa uwezo wa kipande chake kilicho dhaifu kuliko vyote, iwe ni tairi, ekseli au kiungio.

Hatua ya tatu: kiungio

Kuna aina tatu utakazokutana nazo. Ya kwanza ni kichwa cha tela kinachokaa juu ya tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari. Ya pili ni pete nene inayoingia kwenye ndoano au kwenye pini ya wima, na hii ndiyo inayovumilia zaidi barabara mbovu za mashambani. Ya tatu ni pini kubwa ya chini ya tela inayokaa kwenye sahani ya kichwa cha lori, nayo ni ya matela makubwa yasiyohusu pikapu.

Penye tufe ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo pahitaji muda. Tufe la Ulaya lina kipenyo cha milimita 50. La Marekani ni la inchi 2, yaani milimita 50.8, au inchi 2 na 5/16, yaani karibu milimita 58.7. Kipimo huwa kimegongwa juu ya tufe lenyewe na juu ya kichwa cha tela, lakini hukaa chini ya rangi na grisi, basi chukua kitambaa na brashi ya waya, usugue mpaka kisomeke. Kichwa cha milimita 50 kikilazimishwa juu ya tufe la inchi 2 hukwama au hukataa kufunga. Hilo ni kero, lakini angalau linaonekana. Linaloua ni kinyume chake: kichwa cha inchi 2 na 5/16 kitakaa juu ya tufe la milimita 50, mkono wa kufungia utashuka, utasikia mlio wa kufunga, na tela litavutika vizuri kwenye lami tambarare. Shimo la kwanza au tuta la kwanza litalirusha juu na kulitoa.

Baada ya ukubwa, pima ulaji. Tufe la milimita 50 likipimwa kwa kipimo cha venia likaonyesha milimita 49 au pungufu, limekwisha na libadilishwe. Lipime kwa pande mbili, mbele kwenda nyuma na kushoto kwenda kulia, kwa sababu tufe haliliki sawasawa: upande unaopokea msukumo wakati wa kufunga breki hubaki na bapa dogo linalong'aa kuliko sehemu nyingine, na ukipitisha kidole juu yake utalihisi kabla jicho halijaliona. Kichwa cha tela nacho kiinamie kwa tochi. Ndani utazame kama grisi imechanganyika na mchanga, kama kishikio kinachokumbatia tufe kwa chini kimechakaa, na kama springi ya mkono wa kufungia inarudi yenyewe. Vichwa vingi vya Ulaya vina alama ya kijani na nyekundu inayoonyesha hali ya ulaji kinapokuwa kimefungwa juu ya tufe. Alama ikiangukia kwenye nyekundu, ama tufe ama kichwa kimelika, na utajua ni kipi kwa kujaribu tufe jipya.

Jaribio la kufunga ni rahisi na halina gharama. Funga tela kwenye gari, kisha zungusha mpini wa gurudumu dogo la mbele la tela kana kwamba unaliinua tela kutoka kwenye tufe. Gari likianza kupanda nyuma kwenye springi zake, kiungio kimeshika. Kichwa kikichomoka, usiendelee na ukaguzi mwingine mpaka hilo lipatiwe jibu.

Nyuma ya kichwa kuna mkono wenyewe wa tela. Tafuta nyufa kwenye mishono ya kuchomelea, hasa pale mikono miwili inapokutana na pale inapoungana na fremu. Ufa mchanga huonekana kama mstari mwembamba wa kutu ya kahawia juu ya rangi. Rangi mpya iliyopakwa mahali hapo tu, wakati kwingineko ni ya zamani, iulizwe swali. Upande wa gari, bamba linaloshika tufe lifungwe kwa bolti kwenye reli za chasisi. Bamba lililochomelewa kwenye bampa halifai kuvuta mtambo hata kwa umbali wa kutoka Sakina hadi Njiro, humo humo Arusha.

Kimo nacho kina sehemu yake. Matela ya Ulaya yametengenezwa kwa tufe ambalo kitovu chake kiko kati ya milimita 350 na 420 kutoka ardhini, gari likiwa na mzigo. Gari lililoinuliwa springi hunyanyua pua ya tela, uzito unahamia ekseli ya nyuma, na ekseli ya mbele inayobaki nyepesi hujifunga na kuburuza matairi mapema wakati ya nyuma inaelemewa. Tela lenye ekseli mbili lazima lisimame usawa, na bamba la kushusha tufe ni bei ndogo kuliko seti ya matairi.

Hatua ya nne: tambua breki za tela ni za aina gani

Kwanza kabisa, kuona dramu si kuona breki. Matela mengi yaliyotengenezwa hapa yamejengwa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu au lori lililokwisha, na dramu zake bado zimo, lakini hakuna bomba wala waya unaozifikia. Fuata kwa macho yako kitu kinachotoka kwenye kiungio hadi kwenye gurudumu: fimbo ya chuma, kebo, bomba la mafuta, waya wa umeme au bomba la upepo. Usipokiona, tela hilo halina breki. Nchi za Ulaya haziruhusu tela la namna hiyo kupita uzito wa jumla wa kilo 750, na kwa mtambo mimi nakushauri usilinunue kabisa isipokuwa bei yake inaacha nafasi ya kuliwekea ekseli kamili yenye breki.

*Breki za msukumo.* Hizi ndizo za matela ya Uingereza. Gari linapopunguza mwendo, tela linalisukuma kwa nyuma, nondo nene iliyo nyuma ya kichwa inaingia ndani, inasukuma wenzo, wenzo unavuta fimbo ndefu chini ya fremu, na fimbo inavuta kebo za kila gurudumu. Hakuna umeme wala mafuta, na ndiyo sababu zinaweza kuvutwa na gari lolote lenye tufe au ndoano inayolingana. Ulaya inaziruhusu hadi kilo 3,500 tu.

Ukaguzi wake uende hivi. Vuta breki ya mkono ya tela, kisha mwambie dereva arudishe gari nyuma polepole mpaka nondo iingie. Inapaswa kuingia kwa ukinzani laini na, dereva akiachia, kurudi nje taratibu, kwa kuwa ndani yake mna shokapu. Ikiingia kwa kishindo bila kukinzana, shokapu imekufa, na dereva atakuwa anasikia mgongo wa gari ukigongwa kila anapokanyaga breki. Shika kichwa kwa mikono miwili ukitikise juu na chini: kikicheza sana, bushi za nondo zimelika.

Ingia sasa chini ya tela, likiwa limezuiwa magurudumu kwa mawe au kabari. Mahali fimbo inapokutana na kebo kuna kipande cha chuma cha kusawazisha. Breki ya mkono ikiwa imevutwa, kipande hicho kinatakiwa kukaa takriban sambamba na ekseli. Kikiwa kimeinama upande mmoja, kebo ya upande mmoja imekwama au imevutika, na tela litavuta upande wakati wa kufunga breki. Angalia pia nati ya kukazia fimbo. Ukiona nyuzi ndefu zinazong'aa zimepita nje ya nati, huku sehemu nyingine zote zina vumbi na kutu, mtu amekaza fimbo hivi karibuni ili breki ya mkono ionekane inashika. Hiyo ni njia isiyo sahihi, kwa sababu breki za aina hii hurekebishwa kwanza gurudumuni na fimbo hufuata mwisho. Tela lililokazwa kwa fimbo peke yake huenda linakwenda likiwa limeshika breki nusu muda wote, ama breki zake hazirudi vizuri linaporudishwa nyuma.

Kuhusu kurudi nyuma, Uingereza ililazimisha matela yaliyotengenezwa tangu Aprili 1989 yawe na breki zinazojiachia zenyewe tela linaporudishwa nyuma. Ya kabla ya hapo yana kipini cha kufungia ambacho dereva hushuka kukiweka. Breki hizo zinazojiachia zina tabia moja inayowafanya wanunuzi walikatae tela zima bure: ukivuta breki ya mkono kisha ukalisukuma tela nyuma, linajiviringisha kidogo, mkono wa breki unapanda zaidi wenyewe, ndipo linashika. Huo si ubovu, ni namna lilivyoundwa. Ubovu ni pale linapoendelea kuviringika.

*Breki za msukumo za mafuta.* Matela kadhaa ya Marekani yana masta silinda iliyofichwa ndani ya kiungio. Fungua kifuniko, utazame kiasi na rangi ya mafuta ya breki. Mafuta meusi au yenye tope, mabomba ya chuma yaliyokula kutu na unyevu nyuma ya magurudumu ni dalili kwamba mfumo mzima utafunguliwa.

*Breki za umeme.* Hizi nazo ni za Marekani. Ndani ya kila dramu mna sumaku inayopokea umeme wa volti 12 kutoka kwa kifaa cha kuongozea kilichofungwa karibu na dereva. Bila kifaa hicho, dereva akikanyaga pedali tela halitajua kitu. Fundi umeme mwenye mita atapima kila sumaku. Zile za dramu za inchi 10 na 12 huwa na ukinzani wa karibu omu 3.2, na hutumia kama ampea tatu hadi nne kila moja. Namba iliyo chini sana inaonyesha sumaku imepiga shoti, na mita isiyosoma kitu inaonyesha waya umekatika. Ndipo tunaporudi kwenye volti: ukiziunganisha moja kwa moja na umeme wa volti 24 wa Canter, mkondo unakuwa mara mbili na joto mara nne, na sumaku zinaungua. Kinahitajika kifaa cha kupunguza volti chenye uwezo wa kubeba ampea za magurudumu yote. Mwenye Canter ni bora atafute tela la aina nyingine.

*Breki za upepo.* Ni za matela mazito. Yana mabomba mawili: jekundu la kujaza tangi na la njano la kuamrisha breki, au jekundu na la buluu kwa yale ya Marekani. Malori madogo ya Kijapani, hata yenye upepo ndani ya mfumo wake, kwa kawaida hayana viunganishi vya kulisha tela. Lori linalofaa likipatikana, jaza upepo mpaka kati ya bar 7 na 8, zima injini, usikilize, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Achia koki ya chini ya tangi: maji mengi yakitoka, tangi halijapewa uangalizi kwa muda mrefu. Mwisho chomoa bomba jekundu. Breki za tela lazima zijifunge hapo hapo. Zisipojifunga, tela likikatika barabarani litaondoka lenyewe. Onyo moja kwa mafundi wenye haraka: yale makopo makubwa ya breki yenye springi ndani yasifunguliwe kamwe bila kufungwa bolti yake maalumu, kwa maana springi hiyo ikiruka inaua.

Hatua ya tano: inua magurudumu

Piga jeki gurudumu moja baada ya jingine, tela likiwa limeegemezwa pia kwenye stendi. Zungusha upande wa mbele ukisikiliza beringi. Lishike juu na chini ulitikise. Kisha omba dramu ya gurudumu moja ifunguliwe, na ulichague wewe. Muuzaji mwenye nia njema atakubali ukilipia kazi ya fundi. Ndani, tazama unene wa laini za breki shuu, yaani bitana zinazosugua dramu: zikikaribia milimita 2 zimekwisha. Grisi iliyovuja kutoka kwenye sili na kulowesha shuu haifutiki kwa petroli, ni kununua shuu mpya. Dramu yenye mifereji inayokwama ukucha inahitaji kupelekwa kwa mkerezaji, mradi isizidi kipenyo cha juu kilichoandikwa juu yake. Kabla ya kushusha, soma namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT ya tairi: 1814 ina maana ya wiki ya 18 ya mwaka 2014. Tairi la tela huzeeka kwa miaka hata lisipotembea.

Hatua ya sita: kebo ya dharura na minyororo

Tela la breki za msukumo lina kebo nyembamba inayotoka kwenye breki ya mkono. Ifungwe mahali imara pa gari, nje ya kiungio, ili tela likichomoka ivute breki ya mkono kabla haijakatika. Tela la breki za umeme lina betri yake ndogo na pini: chomoa pini, magurudumu yajifunge. Betri hiyo mara nyingi huwa imekufa, ni bei ndogo, lakini idai. Minyororo ipitishwe kwa kupishana chini ya mkono wa tela ili mkono huo ukianguka uegemee juu yake.

Hatua ya saba: jaribio la barabara

Usifanye jaribio kwenye barabara kuu ya Arusha–Moshi. Tafuta eneo tambarare lisilo na watu, vuta tela tupu, ukanyage breki mara kadhaa kwa mwendo mdogo huku mtu akitazama kutoka pembeni magurudumu gani yanashika na gari linanyooka au linapinda. Tembea kilomita chache, simama, usogeze kiganja karibu na kila habu bila kuigusa kwanza. Yote yawe na uvuguvugu unaolingana. Moja likiwa la moto, breki zake haziachii au beringi inakaribia kufa. Moja likiwa baridi kabisa wakati mengine yana joto, halifanyi kazi yoyote.

Rudia jaribio tela likiwa na mzigo. Mzigo ukae hivi kwamba uzito wa mbele uzidi kidogo ule wa nyuma. Kwa matela ya Marekani, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote hukaa kwenye tufe, na kwa ya Ulaya hufuatwa namba ya kibati. Uzito ukizidi nyuma, tela huanza kuyumba kulia na kushoto kwa mwendo wa kawaida, na hapo hakuna breki itakayolituliza.

Atakayelitumia kwenye miteremko mirefu, kama ile ya kushuka kutoka Karatu kuelekea Mto wa Mbu, au kutoka Marangu hadi Himo, ajue kwamba breki za msukumo hufanya kazi muda wote gari linapozuiwa na tela linasukuma. Dramu zinapata moto, zinapanuka na kuondoka kwenye shuu, laini zinapoteza mshiko, na dereva ambaye mwanzoni alihisi tela linamsaidia anajikuta amebaki na breki za gari peke yake. Gia ndogo iwekwe juu ya mlima, kabla mteremko haujaanza, na kama njia yako ya kila wiki ndiyo hiyo, chagua tela ambalo uzito wake ulioruhusiwa unazidi kwa mbali uzito wa mtambo wako.

Ukishanunua

Orodhesha kasoro zote ulizoziona, umwombe fundi bei ya vifaa na kazi, na hiyo ndiyo itolewe kwenye bei ya muuzaji kabla ya malipo. Kichwa, shokapu, kebo na shuu hubadilishika. Fremu iliyopasuka na ekseli iliyopinda ni sababu ya kuondoka. Tela likifika kwako, paka grisi kwenye nondo kupitia chuchu zake, weka shuu na kebo zinazohitajika, rekebisha gurudumuni: kaza kirekebishi cha breki huku ukizungusha gurudumu upande wa mbele mpaka gurudumu lisimame, kisha rudisha taratibu mpaka lizunguke huru, ndipo uende kwenye fimbo. Baada ya kilomita 50 za kwanza kaza tena nati za magurudumu, na shuu mpya zikishakaa, baada ya kilomita mia chache, rekebisha breki mara ya pili kwa mpangilio ule ule.